Nani Ale Mwani Katika Tangi la Samaki?

Tangi la kioo lenye samaki wa mapambo halikai muda mrefu kabla ya kuta zake kuvaa utando wa kijani. Utando huo ni mwani. Hustawi pale mwanga mwingi unapokutana na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, ambavyo huoza na kuwa mbolea majini. Mfugaji akishachoka kusugua, hutafuta kiumbe wa kumfanyia kazi hiyo. Kwa anayeishi kando ya Ziwa Viktoria, Mwanza kwa mfano, kiumbe aliye karibu na asiyegharimu senti ni konokono wa ufukweni. Konokono huyo asichukuliwe.

Wale wanaokutwa huko ni pamoja na Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojiviringa kama kamba iliyolazwa, na Bulinus, mwenye gamba lililochongoka. Wote wawili hula mwani vizuri, hilo halina ubishi. Lakini hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho: wa kwanza kichocho cha tumbo, wa pili kichocho cha mkojo. Kimelea kikiingia ndani ya konokono huzaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha viluwiluwi vyake hutoka kwa mamia na kuogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Mwanga huvichochea kutoka. Ndiyo maana wataalamu wa maabara wanaotaka kuvikusanya huwaweka konokono chini ya taa. Tangi la samaki nalo lina taa. Anayeingiza mkono kusafisha kioo aweza kupenywa kwa dakika chache tu, bila jeraha, pengine kwa mwasho mdogo.

Ni haki kueleza pia mipaka ya hatari hii. Ugonjwa haujiendelezi ndani ya tangi, kwani mayai ya kimelea hutoka katika mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa, na konokono hawarithishi watoto wao maambukizi. Wa kuogopwa ni yule aliyetoka ziwani akiwa ameambukizwa, naye kwa macho hatofautiani na mzima. Hata mimea ya majini inayochumwa huko huficha konokono wadogo sana. Aliyekwisha kufanya hivyo aende kituo cha afya na ataje tarehe: minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kutaga, hivyo kipimo cha mapema mno chaweza kutoona kitu. Ugonjwa ukithibitika, hutibiwa kwa prazikwanteli.

Basi nani achaguliwe? Kwanza utazamwe mwani wenyewe. Utando laini wa kijani au wa kahawia huliwa na Otocinclus, samaki mdogo wa Amerika Kusini, ambaye hunyong'onyea akiwekwa peke yake. Awe na wenzake. Nyuzinyuzi hushughulikiwa na uduvi wa Amano, aliyepewa jina la Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyemtangaza. Makinda yake huhitaji maji yenye chumvi, kwa hiyo hawatajaa tangini. Madoa magumu ya kioo hukwanguliwa na konokono aina ya nerita. Mayai yake meupe huudhi macho, lakini hayaanguliwi katika maji baridi. Wafugaji wa mbuna wa Ziwa Nyasa wana bahati, maana samaki hao wenyewe ni wakwanguaji wa mawe, ingawa ni wagomvi.

Kambare mnyonyaji, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, ni ununuzi wa majuto: huweza kupita sentimita 30, na kinyesi chake hulisha mwani uleule. Akishakuwa mkubwa asitupwe mtoni.

Utando wa buluu-kijani unaonuka na kubanduka kama ngozi si mwani bali ni bakteria, na baadhi ya jamii zake hutoa sumu. Hakuna samaki wa kutegemewa kuula. Uondolewe kwa mkono uliovikwa glavu, maji yabadilishwe, chakula na mwanga vipunguzwe.

Glavu hiyo ina faida nyingine. Katika matangi ya samaki huishi Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, anayeingia kupitia michubuko na kuleta vinundu vidoleni au mkononi wiki kadhaa baadaye. Mwenye vinundu hivyo amwambie daktari kwamba anafuga samaki; bila neno hilo, vyaweza kutibiwa kwa miezi kama maradhi mengine.