Ukimkimbiza humpati! Ndege wa Mafia walivyonitia adabu

Msomaji wangu, aibu za mjini ni nyingi, lakini hii ya kukimbizana na ndege matopeni huku kina mama wanakuangalia, naomba isikukute.

Ilikuwa Februari. Binamu yangu, ambaye hutengeneza kalenda, aliniazima kamera na lenzi ya milimita 300. Akaniambia: "Dogo, niletee ndege mmoja tu anayeeleweka. Ukileta ukungu, kazi nampa mwingine." Nami mkwanja wenyewe nilishaupigia hesabu zote: kodi ya chumba, miezi mitatu.

Nikakamata gari hadi Nyamisati, nikapanda boti mpaka Kilindoni, kisha nikaenda Utende, kwenye ghuba ya Chole. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Kiingilio kinalipwa, nami nililipa.

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Mbali kule mchangani nikawaona: weupe pe, mgongo mweusi, domo nene kama koleo, miguu mirefu. Ndio wala kaa hao, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu. Ni wageni wetu. Huzaliana pwani za Uarabuni na Ghuba, jike hutaga yai moja ndani ya shimo la mchangani, kisha huja huku kula hadi msimu wa kurudi.

Nikaanza kunyata. Wakaruka. Nikafuata. Wakaruka tena! Mara ya nne nimezama hadi magotini, na kwenye kioo cha kamera nina mikia tu ya ndege wanaoondoka, bahari imelalia upande kama inataka kumwagika.

Pembeni palikuwa na mama anachokoa pweza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao ndege wamekukosea nini? Wenzio wanakula, wewe wawafukuza. Kaa kitako. Maji yakijaa, watakuja wenyewe."

Ilinichoma, maana ni kweli. Kila wanaporuka wanachoma nguvu walizozifuata huku, na safari ya kurudi ni ndefu. Mimi nilikuwa nawanyang'anya chakula kwa ajili ya kodi yangu.

Basi nikaenda kwenye fungu la mchanga lililoinuka, jua likiwa mgongoni, nikalala kifudifudi. Maji yakaanza kupanda, mchanga ukapungua, na wale jamaa wakasogea taratibu, wenyewe!

Sasa shika haya. Kwanza, fokasi ni jichoni. Kifua kikiwa kikali na jicho limefifia, picha imekufa. Chagua nukta moja ya fokasi, kwani kamera ukiiachia ichague yenyewe inaweza kushika mawimbi. Pili, shuka usawa wa ndege. Mikoko iliyo mbali nyuma yake itageuka rangi laini, naye atajitokeza. Tatu, mwachie nafasi mbele, kule anakoelekea. Usimbananishe na ukingo wa picha kama abiria wa daladala. Nne, punguza mwanga kidogo, la sivyo manyoya meupe yatakuwa kama kanzu iliyozidi jiki. Akikimbia au kuruka, spidi ya shata ipande hadi 1/1600 hivi. Na mstari wa bahari unyooke!

Mmoja akafika hatua kama kumi na tano, kaa mdomoni. Nikatamani nisogee kidogo tu. Nilipoinua kiwiko, akaacha kula, akanyoosha shingo. Nikaganda. Akitulia anakula, umekubalika. Akinyoosha shingo, umezidi. Alipoinama tena, nikabonyeza.

Binamu alipoiona akauliza, "Mbona ndege mdogo, bahari kubwa?" Nikamwambia, "Angalia jicho." Akaangalia, akanyamaza, akaangalia tena. Leo ndege yule amekaa ukurasa wa Februari, na baba mwenye nyumba wangu ananisalimia kwa tabasamu.

Na wewe kaka unayemfuata binti wa watu kituo hadi kituo, mama wa Utende amekusalimu: kaa kitako. Akinyoosha shingo, umezidi!