Njia ya Baiskeli Katika Msitu wa Tana

Msimu wa maembe ufikapo, mkulima wa kando ya Tana ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuchuma. Ya pili, ambayo mara nyingi humshinda, ni kuyatoa maembe yake shambani mpaka barabara kuu iendayo Garissa upande mmoja, na Garsen na Malindi upande wa pili. Lori haliingii msituni, na si kila mtu ana punda. Kwa wakulima wengi wa Hola chombo cha kuchukulia mzigo ni baiskeli, na barabara yake ni kijia cha msituni.

Kijia hicho twakipita kila siku, na kwa sababu hiyo hatukiangalii. Yafaa tukiangalie, maana kijia kibaya humtia mkulima hasara tatu. Huponda maembe, huharibu baiskeli, na hufungua ukingo wa mto mpaka maji yakachukua udongo wa shamba.

VISIWA VYA MSITU

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita katika nchi kavu, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Ukienda mbali na mto utaona vichaka vya miiba tu. Msitu mkubwa hukua pale ambapo mizizi yaweza kuyafikia maji ya mto chini ya ardhi, wala hauendi mbali na ukingo. Ndiyo sababu msitu wetu uko vipande vipande, mfano wa visiwa: hapa mikuyu na mikindu, kisha mashamba, kisha mikuyu tena.

Katika visiwa hivyo wanaishi kima wa aina mbili, mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kwa ajili yao hifadhi iliwekwa mwaka 1976, kati ya Hola na Garsen. Mbega hula majani na huishi juu mitini. Mangabei hutembea sana chini, akitafuta matunda ya mkindu na mkuyu. Ukikata miti mikubwa ili kupanua njia, mbega hukosa daraja lake na mangabei hukosa chakula chake.

Msitu humfaa mkulima pia, kwa kuwa mizizi ya miti mikubwa husaidia kushika ukingo. Twajua kwamba Tana ni mto unaohama. Mwaka 1989 uligeuza mkondo wake karibu na Hola, skimu ya umwagiliaji ikakosa maji, ikasimama miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Mafuriko ya mwaka 1997, ya 2018 na ya mwisho wa 2023 yaliharibu mashamba na nyumba nyingi. Hakuna awezaye kuuamuru mto, lakini kila mtu aweza kuacha kuufungulia mlango. Kijia kinachoshuka wima mpaka majini ni mlango.

WALIVYOJIFUNZA WENGINE

Katika miaka ya 1970 vijana fulani wa California, Marekani, walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi mapana, wakazishusha milimani kwa mashindano. Huo ndio mwanzo wa baiskeli za mlimani, ambazo leo twaziona hata kwetu, nyingi zikiwa zimetumika ng'ambo kwanza.

Mchezo huo ulienea mpaka katika misitu ya kisiwa cha Vancouver, kwenye pwani ya magharibi ya Kanada. Huko kuna mji mdogo uitwao Cumberland, ambao zamani ulikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe. Siku hizi watu huufikia kutoka mbali ili kuendesha baiskeli katika njia nyembamba za msituni, ambazo wenyeji huzitengeneza kwa kujitolea.

Labda utauliza, mchezo wa Kanada unamhusu nini mkulima wa Hola? Unamhusu kwa sababu moja. Wajenzi wa njia hizo wamejifunza kwamba kiharibucho njia hasa ni maji. Gurudumu huanza kwa kuchora mstari, kisha maji huufuata mstari huo na kuugeuza kuwa korongo. Kwa hiyo wanajenga njia zao kwa kuyafikiria maji kwanza. Kanuni zao hazihitaji fedha nyingi wala mashine, nasi twaweza kuzitumia.

KANUNI NNE

Kwanza, njia iwe moja. Palipo na tope watu huzunguka kando, kesho wengine huzunguka zaidi, na kijia cha hatua moja kinakuwa uwanja wa hatua kumi. Yafaa kuchagua tuta la mchanga lililo kando ya mto, maana hukauka upesi. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hushika gurudumu kama gundi. Penye udongo huo hapana budi kungoja ukauke kabla ya kupitisha mzigo. Kungoja siku mbili ni hasara ndogo kuliko kuilima njia kwa matairi.

Pili, njia isishuke wima. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ukingo wenyewe, na kwa kawaida usizidi hatua 1 ya kushuka kwa kila hatua 10 za kwenda mbele. Ukingo ukiwa mkali, ukate kwa kukingama. Kipimo chake ni kile kile cha kupimia matuta shambani: fito mbili zilizofungwa mfano wa herufi A, ufito mmoja wa kukingama katikati, na jiwe lililotundikwa kwa kamba. Kama hujui kukitumia, mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yako.

Tatu, maji yapate pa kutokea. Upande wa njia ulio chini ya mteremko uinamishwe kidogo. Kama njia ina upana wa sentimita 60, upande huo uwe chini kwa sentimita 3. Baiskeli haitayumba, lakini maji yatavuka njia badala ya kukimbia ndani yake. Tena, kila hatua 20 hivi njia ipande kidogo kisha ishuke, ili maji yafikayo pale yashindwe kuendelea na yatoke kando.

Nne, mti mkubwa uachwe. Ondoa vichaka kwa upana wa mita 1 na nusu, hiyo yatosha baiskeli yenye mzigo pande zote mbili. Njia ikikutana na mkuyu, izunguke mkuyu. Usikate mizizi yake, na matawi ya juu yaache yagusane, maana hiyo ndiyo barabara ya mbega.

KWENYE KIVUKO CHA MTUMBWI

Wakulima wenye mashamba ng'ambo ya pili huvusha baiskeli kwa mtumbwi. Pahali pa kutia mtumbwi pachaguliwe kwa akili. Katika pindo la mto, upande wa nje maji huchimba, na upande wa ndani huacha mchanga. Njia ikishuka upande wa nje haitadumu. Tafuta upande wa ndani, au pale mto unyookapo.

Pale pasipoweza kuepukwa mteremko mkali, weka ngazi za magogo, na kando yake acha mahali laini pa kupitishia gurudumu. Magogo hayo yasitoke katika miti ya msitu. Tumia mathenge.

MIIBA YA MATHENGE

Mathenge ulipandwa Bura na Hola katika miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na kivuli. Leo umeingia katika malisho, mifereji na vijia, na mwiba wake hupenya tairi mpaka tyubu. Ukiukata juu ya ardhi tu, kisiki hutoa machipukizi mengi kuliko kwanza. Yafaa kuchimba na kuukata chini ya uso wa ardhi. Matawi yenye miiba yakusanywe mbali na njia, na shina litumiwe, kwa kuwa ni gumu na hufaa kwa nguzo na ngazi. Hivyo kazi moja huleta faida mbili.

MZIGO NA BAISKELI

Ile baiskeli nyeusi iitwayo Black Mamba ni imara na keria yake huchukua mzigo mzito, lakini breki zake hushika vibaya rimu ikilowa. Kwenye mteremko shuka, uikokote kwa miguu. Baiskeli ya mlimani ina breki nzuri na matairi mapana, ila keria yake mara nyingi ni dhaifu au haipo kabisa. Anayenunua iliyotumika achague isiyo na springi mbele, kisha amwombe fundi amchomee keria ya chuma.

Mzigo ukae chini na ulingane pande zote mbili. Kati ya maembe tia majani makavu ya mgomba. Embe lililopondeka njiani huonekana zima jioni, na kesho yake mnunuzi hulikataa.

MALKA ISIFUNGWE

Kabla ya kutia jembe, watu wakae pamoja. Njia ya baiskeli isizibe malka, yaani njia ambayo mifugo hushukia mtoni kunywa maji. Kufunga malka kumeleta ugomvi kati ya wakulima na wafugaji mara nyingi, na mwaka 2012 wilaya zetu za Tana ziliona damu nyingi ikimwagika kwa mambo ya ardhi, malisho na maji. Tena haifai baiskeli na ng'ombe kushukia mahali pamoja, maana kwato zitavunja kingo ulizozitengeneza. Wazee wa Gasa ya Wapokomo na wazee wa Matadeda ya Waorma waonyeshwe mahali njia itakapopita, nao wakubaliane. Ndani ya hifadhi, usianze kitu bila ruhusa ya Shirika la Wanyamapori.

SIKU YA KAZI

Kazi yenyewe si kubwa wakijiunga watu kumi wenye majembe, mapanga na sururu mbili. Wagawane njia vipande, kila nyumba ipewe kipande chake cha kutunza. Waanze wakati wa kiangazi, kwa kuwa ardhi iliyolowa huonyesha umbo ambalo haitakuwa nalo ikikauka.

Mvua ya kwanza ikinyesha, wengi hukaa ndani wangoje ipite. Mwenye kipande chake na achukue jembe, aende akatazame maji yanapita wapi. Kama yanavuka njia na kuingia msituni, kazi yake ni njema. Kama yanakimbia ndani ya njia kuelekea mtoni, na afungue pa kutokea siku hiyo hiyo, maana kwa wakati huo kazi ni ya jembe moja. Akingoja mwisho wa masika atakuta korongo, na ukingo umeanza kuanguka.