Cheti cha Tiba Asili Hakihalalishi Ramli

Kila msako wa ramli chonganishi unapotangazwa, watu wa Miyuji na mitaa mingine ya Dodoma huuliza lile lile: mpiga ramli wa kweli anatambulikaje, ili mtu asiangukie kwa tapeli? Swali limekaa vibaya, na jibu lililozoeleka ni baya zaidi: "Mwambie akuonyeshe cheti." Cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002, kinahusu tiba. Hakimruhusu mtu kukutajia aliyekuroga. Tena Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo haijafutwa, inahesabu hata kule kudai tu kwamba una maarifa ya siri kuwa ni uchawi. Mganga aliyesajiliwa akishika ramli, cheti chake hakimkingi.

Imani inayowaponza watu ni hii: "Alinieleza mambo yangu yote kabla sijafungua mdomo." Ulishaufungua. Pale kwenye benchi la foleni, yule mama aliyejifanya mgonjwa mwenzako alikuuliza umetoka wapi, nani anaumwa, tangu lini, na wewe ukamjibu kwa uungwana. Ndani unaambiwa kuna mtu wa karibu, mliwahi kukwaruzana kwa mambo ya shamba au fedha. Nani hana mtu wa namna hiyo? Mganga akikosea anageuza maneno na wewe unasahau. Akipatia, unasimulia mtaa mzima. Jina la shangazi unalitamka mwenyewe, kisha unarudi nyumbani ukiamini limetoka kwenye kibuyu. Na majina hayo yanaua. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino.

Wapo wanaosema ramli ni urithi wa wazee. Ni ya kale kweli, wala si ya Afrika peke yake. China ya nasaba ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, waaguzi wa mfalme walitia moto mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, wakasoma nyufa zake. Mifupa iliyofukuliwa Anyang imechongwa siku, jina la mwaguzi na swali lililoulizwa. Michache ina hata kilichotokea baadaye. Nyufa hazikuijua kesho, lakini mwaguzi aliliacha jina lake pale pale penye kauli yake. Hata mtemi wa Kigogo aliyeshika mawe ya mvua hakuwa na pa kujificha ukame ulipoingia. Mpiga ramli wa leo haandiki neno, na utabiri ukienda kombo anakwambia ulikosea masharti. Kati ya wa kale na tapeli wa leo tofauti ni uwajibikaji. Uwezo wa kuona yaliyofichika hawana wote wawili.

Basi, kwa haraka. Mtoto ana homa: zahanati, leo hii. Kifafa au kuchanganyikiwa: Hospitali ya Mirembe ipo hapa hapa Dodoma. Umeibiwa: polisi. Ugomvi wa mpaka: anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Unataka dawa ya miti shamba: hapo ndipo pa kudai cheti, na daktari wako umwambie unachokunywa. Na ukitajiwa jina la mchawi, usilifikishe kwa ndugu zako. Aliyelitaja ndiye wa kuripotiwa polisi, kabla giza halijaingia.