Mbwa wa Nyumbani na Maradhi Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mnyama ambaye hapana kijiji kisichomjua, naye ni mbwa.

Sisi twamtaka mbwa alinde nyumba usiku, afuatane na watoto machungani, awafukuze nyani na nguruwe shambani. Lakini ukimwuliza mwenyewe, “Mbwa wako hula nini?” atakujibu, “Hujitafutia.” Neno hilo ndilo asili ya mambo mengi nitakayoeleza. Mbwa ajitafutiaye hula mizoga, hupigana na mbwa wa vijiji vingine, hukutana na bweha na fisi vichakani. Kisha jioni hurudi akalala kizingitini, na mtoto mdogo akaja kumkumbatia. Alichokiokota njiani amekuja nacho nyumbani.

Katika vyote aletavyo, kimoja chapita vyote kwa ubaya, nacho ni kichaa cha mbwa. Hapo nitakawia kidogo.

Kichaa cha mbwa si wazimu kama wa mtu aliyerukwa na akili, wala hakiletwi na jua kali, wala na njaa, wala na jirani aliyemroga mbwa wako. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno ambavyo hadubini ya shuleni haiwezi kuvionyesha. Vijidudu hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, mate huingia katika jeraha. Tangu hapo havisafiri kwa damu kama vile vya malaria, bali hushika mishipa ya fahamu, ambayo ni kama nyuzi nyembamba zipelekazo habari za mwili kwenye ubongo. Navyo huifuata polepole, kama msafiri wa miguu afuatavyo njia, hata vikafika kwenye uti wa mgongo, na mwisho kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo ni ya miezi 2 au 3. Pengine huwa wiki moja tu, pengine hukaribia mwaka mzima. Aliyeumwa usoni, njia yake ni fupi. Aliyeumwa mguuni, njia yake ni ndefu. Muda wote huo mtu haoni neno. Kidonda kimefunga, yeye yu shambani analima, na mbwa aliyemwuma amekwisha sahauliwa.

Walakini vijidudu vikisha kufika ubongoni, mambo yamekwisha. Mgonjwa huona mwasho au ganzi pale alipoumwa, hushikwa na homa na hofu, koo lake hukazana kwa maumivu kila ajaribupo kunywa, hata kuona kikombe cha maji kwamtetemesha. Baada ya siku chache hufa. Hapana dawa ya kumponya, si ya hospitali wala ya kienyeji. Waliopona duniani baada ya dalili kuanza ni wachache sana, wahesabika. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu yapata 59,000 hufa hivyo kila mwaka, nao karibu wote waliambukizwa na mbwa. Tena katika kila watu 10 waumwao na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, 4 ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15. Hao ndio wachungaji wetu na wanafunzi wetu.

Sasa sikilizeni vema. Maradhi haya yasiyo na dawa baada ya kuanza, huzuilika karibu kabisa kabla hayajaanza. Ule mwendo wa polepole wa vijidudu ndio nafasi tuliyopewa. Mtu wa kwanza kuitumia nafasi hiyo alikuwa Mfaransa, Louis Pasteur. Mwezi wa Julai mwaka 1885 aliletewa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mahali pengi mwilini. Pasteur alikuwa amekwisha tengeneza chanjo kwa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa maradhi hayo, akiukausha ili nguvu ya sumu ipungue. Yeye hakuwa mganga, bali mtaalamu wa kemia, kwa hiyo alimwomba mganga mwenye idhini ampige mtoto sindano. Zilipigwa sindano 13 kwa siku zipatazo 10, kila moja yenye nguvu kuliko ile iliyotangulia. Mtoto akaishi, na alipokuwa mtu mzima akawa bawabu wa chuo kilichoitwa kwa jina la Pasteur mjini Paris. Mimi hupenda kuwasimulia wanachuo wangu habari hii, kwa maana yaonyesha kwamba chanjo yaweza kuushinda ugonjwa hata baada ya kuumwa, ikiwahi kuutangulia ubongoni.

Basi mtu akiumwa afanyeje? Kwanza aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Si kunyunyiza, ni kuosha, maji yakitiririka. Sabuni ya kufulia yatosha. Watu wengi hulidharau jambo hili kwa kuwa ni rahisi, lakini sabuni huviua vijidudu vilivyo bado mdomoni mwa jeraha, navyo vilivyokufa havisafiri. Pili, aende hospitali siku ile ile, hata kama ni mkwaruzo mdogo tu wa jino, hata kama mbwa alimramba penye kidonda. Huko atapigwa sindano za chanjo kwa siku zitakazotajwa, na pengine dawa nyingine itatiwa katika jeraha lenyewe. Sindano hizo siku hizi hazipigwi tumboni kama wazee wasimuliavyo, bali begani, na kwa mtoto mchanga pajani. Nasema hivi kwa sababu wako wazazi ambao kwa kuogopa zile sindano za zamani huwaficha watoto wao. Na aliyepigwa ya kwanza asiache zilizobaki kwa kuwa amejiona mzima. Mzima atajiona tu. Nimekwisha kueleza sababu yake.

Kuna desturi za kupaka jeraha pilipili, mafuta ya taa, majivu, au nywele za mbwa yule yule zilizochomwa. Sitaki kuwacheka wazee wetu, maana walitafuta dawa wakati ambapo hapakuwa na nyingine. Lakini siku moja ya kungojea nywele zichomwe ni siku moja vijidudu vimesonga mbele, tena pilipili huchubua nyama na kuvifungulia njia.

Mbwa mwenyewe, akiwa ni wa kijiji na aweza kufungwa bila hatari, afungwe aangaliwe siku 10. Akiwa angali mzima baada ya siku hizo, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na sumu, na mganga aweza kusimamisha sindano. Lakini aliyeumwa asizingoje siku 10 ndipo aende, aanze kwanza. Mbwa akifa, au akiuawa, aitwe Bwana Mifugo, kwa kuwa ubongo wa mnyama huweza kupimwa ikajulikana hakika. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu, wala watoto wasiuchezee.

Mtamtambuaje mbwa mgonjwa? Wengi hungojea mbwa atokaye povu na kukimbia huku na huko akiuma watu, miti na mawe. Huyo yuko kweli. Lakini yuko mwingine, ambaye mimi naona ni wa hatari zaidi, kwa sababu hutiwa huruma. Huyu hunyamaza, hujificha gizani, taya lake hulegea, mate humdondoka, hawezi kumeza, na sauti yake hubadilika ikawa kama ya kukoroma. Mwenyewe husema, “Maskini, amekwamwa na mfupa,” naye hutia mkono kinywani autoe. Usitie mkono! Angalieni hasa tabia iliyogeuka: mbwa mkali amekuwa mpole ghafula, au mpole amekuwa mkali, au mnyama wa mwitu haogopi watu.

Twende sasa kwenye chanjo ya mbwa mwenyewe. Sindano za mtu aliyeumwa ni nyingi na za gharama. Ya mbwa ni moja kwa mwaka, na bei yake ni ndogo. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, maradhi hukosa pa kupita yakazimika, kama moto uliofika penye nyasi zilizofyekwa. Nao ushahidi hauko mbali. Kisiwani Pemba kazi ya kuchanja mbwa ilianza mwaka 2010. Ilipofika mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Kisha watu walistarehe, chanjo ikalegea, na mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa; wakachanja upya, na mwaka 2018 yakakoma mara ya pili. Nao wengi wa watu wa Pemba ni Waislamu, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na si nyumba nyingi zimzoeazo mbwa kumshika na kumpapasa. Ikiwa huko imewezekana, je, sisi ambao mbwa hula mkononi mwetu, tutatoa udhuru gani?

Wako wasemao, “Kwa nini tusiwaue mbwa wote wazururao?” Jambo hilo limejaribiwa katika nchi nyingi, na halikuleta faida iliyotumainiwa. Mbwa wa hapa wakiuawa, wa jirani huja kushika mahali pao, na watoto wa mbwa wapya huzaliwa bila chanjo. Tena mtu aliyesikia kwamba mbwa watauawa humficha wake au humhamisha, na huenda akahama na maradhi. Mbaya zaidi, mara nyingi wauawao ni wale waliokwisha kuchanjwa, kwa kuwa ndio wakaao karibu na nyumba. Hivyo twabomoa ukuta wetu wenyewe.

Lakini kumchanja mbwa kisha kumwacha ajitafutie ni kazi nusu. Katika nchi ya Waturkana, kaskazini ya Kenya, waganga waliona ugonjwa wa vifuko vya maji tumboni umewapata watu wengi kupita karibu mahali pote duniani. Vifuko hivyo hukua kwa miaka katika ini au mapafu, hata tumbo likavimba kama la mwenye mimba. Asili yake ni mnyoo mdogo akaaye katika matumbo ya mbwa. Mbuzi huchinjwa, maini yenye vifuko hutupiwa mbwa; mbwa hupata minyoo; mayai ya minyoo hutoka katika mavi yake, yakashika manyoya yake na mchanga, na mikono ya watoto. Tangu mwaka 1983 ilianzishwa huko kazi ya kupambana na ugonjwa huo, na moja ya mafundisho yake ni jambo ambalo kila mchinjaji aliweza: vitu vya ndani vyenye ugonjwa vifukiwe chini sana au vichomwe, asipewe mbwa. Mbwa apewe na dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye.

Chakula chake si kazi kubwa. Ugali peke yake haumtoshi. Uchanganywe na dagaa, au mabaki ya nyama iliyopikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, maana huvunjika kama vigae ikatoboa matumbo. Wala vitunguu, ambavyo huharibu damu yake. Maji safi yawepo daima, hasa mchana wa joto: mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema na ulimi nje, na hapo maji mengi humtoka. Kupe watolewe kila siku. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mbwa bila kumwuliza Bwana Mifugo, na kwa paka isitumiwe kabisa, kwa kuwa paka hujiramba na sumu ikamwua. Vivyo hivyo vidonge vya parasetamo tumezavyo sisi kwa kichwa kuuma. Kimoja tu chaweza kumwua paka.

Na mbwa wetu hawatudhuru sisi tu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka. Yapata theluthi yao walikufa, karibu 1,000. Ilionekana kuwa ni distempa, maradhi ya mbwa, na mbwa wa vijiji vya kando wakashukiwa kuwa ndio chimbuko. Distempa nayo ina chanjo.

Wafundisheni watoto wasimguse mbwa alaye, wala alalaye, wala anyonyeshaye. Na mbwa mgeni akiwajia wasikimbie wala wasipige kelele, bali wasimame wima kama mti, mikono chini, wasimtazame machoni, mpaka aondoke. Walimu waweza kulifanya zoezi hili uwanjani. Watoto hulifurahia mno.

Mahali pengi mbwa huchanjwa bure karibu na tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, ambayo sasa ni siku ya kichaa cha mbwa duniani kote. Ulizeni mapema kwa Bwana Mifugo wenu, mpeleke na watoto wa mbwa, tena mbwa awe na kamba shingoni na mtu mzima wa kumshika. Mtapewa cheti. Kiwekeni pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali pakavu pasipofikiwa na panya; mtu wa nyumbani akiumwa, mganga atataka kukiona.