Mtoto Hasikii, au Chumba Chavuma?

Wahenga walinena: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini yuko mtoto asiyesikia la mkuu si kwa utundu, bali kwa sababu chumba alimoketi hulimeza neno kabla halijamfikia. Mtoto huyo huitwa mzito au mkaidi, na lawama humfuata hadi shule ya msingi.

Sauti igongapo ukuta wa saruji, sakafu ngumu na dari tupu, hurudi chumbani tena na tena. Mvumo huo hufunika konsonanti, ambazo nyingi ni dhaifu kuliko irabu. Mwalimu asemapo paa, taa au saa, kisikikacho ni aa tu. Mtu mzima hukisia neno kwa kuwa alijua tangu zamani. Mtoto wa miaka minne ndiyo kwanza anajifunza, na uwezo wake wa kuchambua maneno penye makelele hukomaa polepole hadi ujana.

Mwaka 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kutengeneza ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilidumu kwa sekunde 5.5. Alijaza mito ya viti humo, akapima, akagundua kwamba mvumo hupungua kadiri vitu vinyonyavyo sauti vinavyoongezeka. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwani sauti itokayo nje hairudi.

Na tuchukue chumba cha mita 8 kwa 6, chenye kimo cha mita 3. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2002 ilitaka mvumo wa darasa kama hilo usizidi sekunde 0.6. Kwa hesabu ya Sabine, hapo pahitajika unyonyaji ulio sawa na mita za mraba 39 za dirisha wazi. Kuta na sakafu tupu hutoa kama 4 tu. Dari ya nyenzo laini inyonyayo sehemu saba katika kumi za sauti huongeza karibu 34, na upungufu hujazwa na miili na nguo za watoto wenyewe. Basi, mjenzi na aanze na dari. Chini ya paa la mabati, dari hiyo hupunguza pia kishindo cha mvua.

Penye uhaba wa fedha, mapazia mazito, mazulia na vipande vya mpira miguuni mwa viti husaidia. Chumba nacho kiwe mbali na barabara na soko. Ila tusibandike sponji za magodoro wala trei za mayai: hushika moto upesi.

Mzazi, ingia darasani kungali kutupu, upige kofi moja. Likiendelea kulia baada ya mikono kutulia, zungumza kwanza na kamati ya shule kuhusu dari, kabla ya kumkemea mwanao.