Nati Iliyoshikwa na Kutu

Magari mengi yanayotembea Mulekera, mjini Beni, yametumika kwanza nchi za mbali, yakashushwa Mombasa, yakakatiza Uganda na kuingia Kongo kupitia Kasindi. Yale yaliyotoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, huja na kutu tayari. Beni huyamalizia: ikweta iko karibu, mvua ni nyingi, na tope hushika chini ya gari kama plasta.

Ukijaribu kufungua nati ya springi mwenyewe, uani, nati inagoma. Wengi hapo huchomeka bomba refu kwenye mkono wa spana na kuliegemea kwa uzito wote. Bolti inakatika, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Kwangu mimi nguvu ndiyo dawa ya mwisho, kwa sababu tatizo lenyewe ni nafasi. Chuma kikikutana na oksijeni na maji hugeuka kutu, na kutu hiyo hutaka nafasi mara mbili hadi sita ya ile ya chuma kilicholiwa. Kati ya meno ya bolti na ya nati, uwazi hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukijaa, umejaa.

Na kwa nini kutu ipende mahali palipofichika? Ulick Evans, mkemia wa Cambridge, alilionyesha jambo hilo miaka ya 1920 kwa tone la maji ya chumvi juu ya bamba safi la chuma. Ungedhani ukingoni, kunakofika hewa nyingi, ndiko kutakakoliwa. La: chuma kililiwa katikati ya tone, penye uhaba wa oksijeni. Nati iliyozikwa kwenye tope iko katika hali hiyohiyo.

Basi anza na brashi ya waya, kisha mafuta mepesi ya kupenya, uyaache usiku kucha yajivute yenyewe ndani ya meno. (WD-40, dawa ambayo wengi huitumia kwa kazi hii, iliyobuniwa San Diego mwaka 1953, ilikusudiwa kufukuza maji kwenye chuma, kufungua nati kulikuja baadaye.) Gonga nati kwa nyundo, pande zote, bila hasira: kutu ni kitu cha kuvunjika, na kila ufa ni njia ya mafuta. Kaza kidogo, legeza kidogo, rudia.

Ikigoma bado, moto. Nati ya bolti ya milimita 12 ikiongezewa joto la nyuzi 300 za Selsiasi, tundu lake hupanuka takriban milimita 0.04, na wakati mwingine hiyo yatosha. Pasha nati peke yake. Bolti ikishika moto nayo itanenepa, faida ipotee. Futa kwanza mafuta uliyopaka, maana yanawaka, na usiwashe chochote karibu na tangi au mipira ya breki.

Wakati wa kurudisha, safisha meno na upake grisi kidogo, isipokuwa nati za magurudumu. Nguvu nyingi ya mkono wako huishia kwenye msuguano, na kipimo cha kiwandani cha kukazia nati hizo kwa kawaida huhesabu meno makavu. Ukizipaka grisi, mkazo uleule utaivuta bolti kupita kiasi.