Alhamisi Chuo Hakuna

MWEZI uliopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule anakosoma mjukuu wangu, hapa Mombasa. Yeye ni miongoni mwa wale wa kwanza kabisa kuingia Gredi ya 10, mwezi wa Januari 2026, chini ya mtaala huu mpya. Tuligawiwa karatasi mbili. Moja ilikuwa ya karo, na hiyo kila mzazi aliisoma mara mbili. Ya pili ilikuwa na orodha ya vyama vya wanafunzi: mdahalo, Kiswahili, drama, muziki, skauti, wanyamapori, sayansi, chama cha wanafunzi Waislamu na cha wenzao Wakristo, na vingine ambavyo sisi wa zamani hatukuviota, kama kile cha kuunda roboti. Hiyo ya pili wengi waliikunja wakaitia mfukoni. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliifanya upepeo, maana joto lilikuwa jingi.

Mimi niliisoma yote. Nilipofika chini, palipoandikwa siku na saa, moyo ulinipiga. Vyama vyote, Jumanne, saa kumi kasorobo.

Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa saa kumi kasorobo ni saa gani. Ni wakati wa alasiri, na swala ikishaswaliwa utawaona watoto vichochoroni na juzuu zao vifuani, wanaelekea chuoni. Lakini sababu ya moyo wangu kunipiga ni ya zamani zaidi, na ili niieleze itabidi nirudi nyuma miaka arobaini na minane.

KIBAO

Mwaka 1978, mwaka ule aliofariki Mzee Kenyatta hapa hapa Mombasa, nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya kutwa mjini. Jina lake nitalihifadhi. Ilikuwa shule ya sifa, yenye walimu wakali na uwanja mpana, ila ilikuwa na sheria moja ambayo vijana wa leo nikiwasimulia hudhani natia chumvi: ilikuwa marufuku kusema Kiswahili. Naam, Mombasa, katika shule ambayo ukikaa dirishani wasikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana barabarani! Aliyeponyokwa na neno la Kiswahili alivishwa kibao cha mti shingoni kwa kamba, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe. Jioni wote waliokivaa walifagia madarasa. Siku hizo Kiswahili hakikuwa somo la lazima. Kilikuja kuwa la lazima mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Wengi wetu tulikiona kama nguo ya nyumbani, ya kuvuliwa langoni.

Ruhusa ilikuwa mara mbili tu. Kwanza ni katika kipindi cha Kiswahili chenyewe, na pili ni katika mkutano wa Chama cha Kiswahili, siku ya Jumanne baada ya masomo. Basi usiulize kwa nini chama kile kilijaa. Wapo waliokuja kwa kupenda mashairi, na wapo waliokuja kupumua tu.

Mlezi wetu alikuwa mwalimu kijana kutoka bara, Mkristo, aliyejifunza Kiswahili ukubwani na kukipenda kwa mapenzi ya mtu aliyekitafuta mwenyewe. Alikuwa amenunua kwa fedha zake vitabu viwili, Malenga wa Mvita cha Ahmad Nassir, kilichotoka mwaka 1971, na Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla, cha mwaka 1973, chenye mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni. Malenga wote wawili ni wa mji wetu huu. Mwalimu akisoma kwa sauti, "dhiki" yake ilitoka kama "ziki", nasi watoto wa Mvita tukamsahihisha kwa kelele. Hakukasirika hata siku moja. Alirudia mpaka tukaridhika.

Vyama vingine navyo havikukosa mambo. Chama cha wanyamapori kilitupeleka Shimba Hills kumwona palahala, mnyama ambaye katika Kenya nzima huko ndiko maskani yake. Na vyama hivyo, kwa wasiojua, vilianzishwa na wanafunzi wenyewe humu nchini mwaka 1968. Skauti niliikosa kwa sababu ya marehemu mama yangu, ambaye alidhani kile kitambaa cha shingoni ni alama ya kanisa. Nilimweleza nikachoka. Alinijibu, "Kama si cha kanisa, mbona hakivaliwi msikitini?" Hoja hiyo mpaka leo sijaipatia jawabu.

Nilichaguliwa katibu wa Chama cha Kiswahili, kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri, si kwa utunzi. Mtunzi alikuwa mwenzangu mmoja, mtoto wa mvuvi wa Mji wa Kale. Kiingereza kilimshinda, na kibao kilikuwa kama sehemu ya sare yake. Lakini ukimpa kina cha kati na kina cha mwisho, kabla hujakaa kitako yeye keshamaliza ubeti, na mizani imetimia.

Katiba ya chama ilisema kwamba mwanachama atakayekosa mikutano mitatu mfululizo jina lake litafutwa. Muhula wa pili nilifungua daftari langu la mahudhurio, nikachukua wino mwekundu na rula, nikafuta majina kumi na moja. La mwenzangu yule lilikuwamo. Nilijiona nimefanya kazi ya haki kabisa, nikampelekea mlezi atie sahihi.

Aliliangalia daftari kwa muda. Kisha akaniuliza, "Hawa kumi na mmoja wanakaa wapi?"

Nikaanza kuwahesabu. Kibokoni. Kuze. Kibokoni. Majengo. Kuze tena. Nikanyamaza. Wote walikuwa watoto wa Kiislamu, na wote walikuwa bado wanasoma chuoni. Nami nilijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehitimu msahafu mwaka uliotangulia, na ndiyo sababu alasiri zangu zilikuwa huru. Mwalimu wa kutoka bara angeweza kusamehewa kutolijua jambo hilo, lakini mimi nilitoka mtaa mmoja na hao niliowapigia mstari mwekundu.

BARAZANI

Siku ya pili yake mlezi akaniambia nimwongoze mpaka kwa baba yake yule mtunzi. Tulimkuta mzee barazani, mshipi wa kuvulia u mapajani mwake, anaufungua mafundo. Mwalimu alitoa salamu zake za masalkheri, akakaribishwa, kahawa ikaja. Akaeleza kwamba kijana ana kipawa, na kwamba chama kinamkosa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bwana Mwalimu, mimi sikumkataza mwanangu kusoma. Lakini alasiri ni ya chuo. Mchukueni siku nyingine."

"Siku gani, Mzee?"

"Alhamisi. Alhamisi chuo hakuna. Kwani hamjui?"

Mwalimu akanigeukia. Mimi nilikuwa nayatazama maji ya kahawa.

Hayo tu! Vyuo vyetu tangu enzi za mababu hufungwa Alhamisi na Ijumaa, na jambo hilo kila mtoto wa Pwani alijua. Hakuna aliyetukataza kukutana Alhamisi. Hakuna aliyeuliza, na aliyeweza kusema hakusema. Siku ile ilikuwa ya skauti, nao wakakubali kubadilishana nasi kwa sharti kwamba sisi tuwasafishie stoo yao ya mahema, kazi iliyotuchukua Jumamosi nzima na kutuachia nge mmoja aliyetutoa mbio. Wiki iliyofuata tukaanza kukutana Alhamisi saa kumi na robo, baada ya kuswali. Wote kumi na mmoja walirudi. Niliyaandika majina yao upya, kwa wino wa buluu.

Lililofuata hatukulitazamia. Maalim wa chuo, aliposikia kwamba shule imehama siku kwa ajili ya wanafunzi wake, alikuja mwenyewe siku moja, na kanzu yake na kofia yake ya vito, akiwa na mswada umefungwa kwa kitambaa. Ulikuwa nakala ya Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoulilia mji wa Pate ulioanguka, umeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Akaufungua mezani akasema, "Nani atasoma?"

Wale mahodari wa Kiingereza, mimi nikiwamo, tulitazamana. Mimi nilikuwa naijua Kurani, lakini hati hii ni jambo jingine. Kiarabu hakina herufi ya "pe" wala ya "che", na waandishi wetu wa kale waliazima ba mahali pa "pe" wakaendelea na safari. Neno "pepo" huandikwa kwa ba mbili, kasra na dhumma, na asiyekuwa na Kiswahili kifuani atasoma "bibu". Ili usome ni lazima uwe umeshalijua neno, na ulijue kwa sikio la nyumbani.

Mtoto wa mvuvi akasogea. Alisoma polepole, akikwama, akirudi nyuma, akijaribu neno hivi na hivi mpaka likakaa. Maalim alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mlezi wetu alikuwa amekaa kwenye dawati kama mwanafunzi, kalamu mkononi, anaandika kila neno. Kijana aliyekuwa akivaa kibao kila wiki ndiye aliyekuwa akitusomea sote, na sheria ya shule haikuweza kumgusa, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na ilikuwa saa ya chama.

Wapo wanaosema vyama hivi ni mambo ya kuiga, hayahusiani na sisi. Hawakuwasikiliza babu zao. Kabla ya wengi wetu kuona mlango wa sekondari, Mombasa ilikuwa na vyama vya beni, Kingi na Scotchi, vyenye vyeo, ada na ushindani wa kukesha. Na klabu ya Feisal ya hapa hapa ndiyo iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965. Kukutana, kuchagua katibu na kushindana ni mila yetu. Tatizo letu na vyama vya shule limekuwa saa tu, na ukimya wetu.

Nao ukimya huo si wa utotoni peke yake. Miaka ya tisini binti yangu alichaguliwa na chama cha drama cha shule yake kwenda kwenye mashindano, yale ya shule yaliyoanza mwaka 1959. Nilimkataza. Nilisema mambo ya kulala nje, mambo ya mavazi, mambo ya jukwaa. Huenda nilikuwa na haki katika baadhi yake. Lakini sikwenda kumwona mwalimu wake hata mara moja nimwulize watoto watalala wapi, nani atafuatana nao, na kama mchezo ule utamruhusu kujisitiri. Nilisema hapana, nikafungua gazeti. Mvuvi yule ambaye hakupata kukaa darasani alikuwa amempa mwalimu siku badala. Mimi niliyesoma sikutoa kitu. Binti yangu ana miaka arobaini na ushei sasa, na mwaka huu, tulipokuwa tukichagua shule ya mwanawe, alinikumbusha kwa upole tu. Afadhali angenifokea.

Chama chetu hakikuishi sana. Tulifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1980, na baada yetu nilisikia kwamba saa ya vyama ilifanywa saa ya masomo ya ziada. Yamekuwa hivyo kwingi. Hata baada ya sheria ya elimu ya mwaka 2013 kupiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, saa ya jioni haikurudi kirahisi. Mwenzangu mtunzi alipata alama za chini katika Kiingereza, na kwa alama hizo milango mingi ilifungwa. Alikwenda Uarabuni, akafanya kazi Muscat miaka mingi, akaoa huko. Siku hizi hunitumia beti zake kwa simu, kwa herufi za Kiarabu, nami hukwama kwenye "pe".

Ndiyo maana sikuweza kuikunja karatasi ile. Mtaala huu una mikondo mitatu, na mmoja wake ni wa sanaa na michezo, ambamo muziki, tamthilia na michezo ni masomo kamili. Yale tuliyoyafanya sisi baada ya kengele sasa yanaweza kumpeleka mtoto mbele. Mjukuu wangu anataka drama na Kiswahili, na bado hajahitimu msahafu wake. Siku ya Jumanne itamlazimu aache kimoja, na najua katika daftari la katibu fulani jina lake litapigwa mstari.

Nilinyosha mkono. Mwalimu mkuu, mtu mstaarabu, alinipa nafasi. Nikasema, "Bwana Mwalimu, Jumanne alasiri watoto wetu wengi wako chuoni. Alhamisi chuo hakuna."

Akanitazama kwa mshangao, akauliza kama ni hivyo kwa vyuo vyote. Ukumbi mzima ukaitikia kwa pamoja, na yule mama wa mbele yangu akaacha kujipepea, akaikunjua karatasi yake akaanza kuisoma. Mwalimu mkuu aliandika kitu kwenye kitabu chake. Alisema atazungumza na walimu walezi, na jibu litakuja kabla ya muhula ujao.